Ubeti na Mwenye Swali: Heksagramu, Vikaratasi vya Uaguzi na Historia ya Ufasiri Nchini Uchina

Utangulizi

Katika mahekalu mengi ya Hong Kong na Taiwan, mwenye shida hupiga magoti mbele ya madhabahu, akataja jina lake na jambo linalomsumbua, kisha akatikisa mkebe wa mwanzi uliojaa vijiti vyenye nambari mpaka kijiti kimoja kianguke. Aghalabu hurusha pia vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga ili kuthibitisha kwamba kijiti hicho ndicho chake. Vikikataa, huanza upya. Nambari ya kijiti humpeleka kwenye kikaratasi kilichochapishwa ubeti wa shairi. Hivyo basi, anachokabidhiwa mwisho wa ibada hii si jibu bali ni matini ya kifasihi, na matini hudai kufasiriwa.

Ni rahisi kuviona vikaratasi hivi, viitwavyo lingqian kwa Kichina, kuwa masalio ya elimu kongwe ya heksagramu yaliyochujuka mikononi mwa umma. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Tangu heksagramu hadi vikaratasi, maana haikukaa katika ishara peke yake. Ilikamilishwa na swali, hali na mwenendo wa aliyeuliza. Kilichobadilika katika historia ni nani aliyekabidhiwa kazi hiyo ya kukamilisha.

Heksagramu na Lugha ya Taswira

Kiini cha Zhouyi, kitabu kijulikanacho pia kama Yijing, kilitungwa katika enzi ya Zhou ya Magharibi, mwanzoni mwa milenia ya mwisho kabla ya Kristo. Msingi wake ni maumbo 64, kila moja likiwa na mistari sita iliyo mizima au iliyokatika. Msomaji wa Kiswahili huenda akakumbuka ramli, ambayo nayo hujenga maumbo kwa safu za alama moja au mbili. Ulinganisho huo unafaa kwa umbo tu: ramli ina maumbo 16 ya safu nne, na historia yake ni nyingine.

Kila heksagramu huundwa na trigramu mbili, na trigramu nane zilizopo huwakilisha mbingu, ardhi, ngurumo, upepo, maji, moto, mlima na ziwa. Maana huzaliwa katika mahusiano ya taswira hizi. Katika heksagramu ya 11, Tai, ardhi iko juu na mbingu iko chini. Mtu angetarajia mpangilio huo uwe ishara ya machafuko. Badala yake ni ishara ya amani, kwa kuwa mbingu hupanda na ardhi hushuka, zikakutana. Katika ile ya 12, Pi, mbingu iko juu na ardhi chini, kila kimoja mahali pake. Lakini hapo viwili hivyo huachana, na mambo hukwama. Isitoshe, mistari ya aina fulani huhesabiwa kuwa yenye kugeuka, nayo hulifanya umbo moja kuzaa jingine. Ishara hii, kwa hiyo, haitaji kitu kilichotulia, inataja mwendo.

Aliyeuliza Ndiye Aliyesomwa

Zuozhuan, kitabu cha historia kilichokusanywa yapata karne ya nne K.K., kinahifadhi visa viwili vinavyoonyesha jinsi taswira hizi zilivyosomwa. Mu Jiang, mama wa mtawala wa dola la Lu, alikuwa amefungiwa katika Kasri la Mashariki kwa kushiriki njama. Alipoagua, mwaguzi alimpatia heksagramu ya Sui, yenye maana ya kufuata, akamhakikishia kwamba angetoka upesi. Mama huyo alikataa. Alieleza kwamba heri ya umbo hilo ni ya mtu mwenye maadili yanayotajwa ndani yake, ilhali yeye alikuwa ametenda kinyume cha maadili hayo yote. Akahitimisha kwamba angefia humo, na ndivyo ilivyokuwa. Kifo chake kimeandikwa chini ya mwaka 564 K.K.

Kisa cha pili ni cha mwaka 530 K.K. Nan Kuai, aliyekuwa akipanga kumwasi bwana wake, alipata mstari wa tano wa heksagramu ya Kun, wenye taswira ya vazi la manjano na ahadi ya heri kuu. Alifurahi, akauonyesha kwa Zifu Huibo bila ya kumfunulia alichokusudia. Zifu Huibo alimjibu kwamba mstari huo ni wa heri iwapo jambo lenyewe ni la uaminifu, vinginevyo litashindwa. Uasi ukafanyika, ukashindwa.

Katika visa vyote viwili ishara ilikuwa njema na matokeo yakawa mabaya, na bado mwandishi haoni kwamba ishara ilidanganya. Ubaya ulikuwa katika usomaji ulioitenga ishara na msomaji wake. Ufasiri hapa ni tendo la kimaadili kabla ya kuwa tendo la kiakili.

Kutoka Mistari Hadi Beti

Mwaka 136 K.K., chini ya Mfalme Wu wa enzi ya Han, kitabu hiki kiliwekwa miongoni mwa vitabu vitano vya elimu rasmi. Ufasiri wake ukawa taaluma ya wasomi, nao hawakukubaliana. Wang Bi (226–249) alishikilia kwamba taswira ni chombo cha kufikia maana, na maana ikishapatikana chombo huachwa. Zhu Xi (1130–1200) alisisitiza kwamba kitabu kilitungwa kwa ajili ya uaguzi, na kwamba kukigeuza kuwa risala ya falsafa tu ni kukisahau kilivyo.

Sambamba na mjadala huo, mkondo mwingine uliielekeza heksagramu kwenye ushairi. Yilin, kazi ya enzi ya Han ambayo kwa kawaida huhusishwa na Jiao Yanshou, iliichukua kila heksagramu ikigeuka kuwa kila nyingine, ikaipa kila hali ubeti wake: 64 mara 64, yaani beti 4,096. Hapa ishara ya mistari inaanza kuwa nambari ya kutafutia shairi. Vikaratasi vilikamilisha safari hiyo. Mkusanyiko wa kale wa Tianzhu, wenye michoro, ni wa enzi ya Song ya Kusini. Na mikusanyiko kadhaa imo katika hazina ya maandiko ya Kidao iliyochapishwa mwaka 1445. Mingi ina beti 100, na ule wa mungu wa kike Mazu una 60, kulingana na mzunguko wa kalenda. Ule uliopewa jina la Zhuge Liang una 384, idadi ile ile ya mistari ya heksagramu zote. Umbo limefichika, hesabu yake imebaki.

Kikaratasi na Wafasiri Wake

Kikaratasi cha kawaida kina nambari, daraja kuanzia heri kuu hadi shari kuu, na ubeti ambao aghalabu ni wa mishororo minne yenye maneno saba saba. Vingi huongeza kisa cha kihistoria au cha jukwaani, na orodha ya maelezo: ndoa, ugonjwa, kesi, safari, biashara. Sehemu hizi hazisemi kwa sauti moja. Orodha hufunga maana, ubeti huifungua. Taswira ya mashua inayongoja upepo humwambia mfanyabiashara asubiri. Anayeuguza mzazi huenda akasikia humo tumaini, au akasikia kuaga. Kisa nacho hufanya kazi kama methali: anayejua kwamba Liu Bei alimwendea Zhuge Liang mara tatu kabla ya kupokewa huelewa kwamba kukataliwa mara mbili si mwisho.

Kando ya hekalu la Wong Tai Sin, lililojengwa Kowloon mwaka 1921, wafasiri hukaa vibandani wakisubiri wenye vikaratasi. Mfasiri stadi huanza kwa kuuliza: umeomba nini? Swali hilo ni la Zifu Huibo. Tofauti ni kwamba sasa linaulizwa kwa mtu yeyote mwenye nauli ya kufika hekaluni, wala si kwa watu wa makasri pekee, na ubeti unabaki mkononi mwake aweze kuusoma tena nyumbani.

Hitimisho

Mhakiki anayekipuuza kikaratasi kwa sababu ni cha umma hupoteza ushahidi muhimu kuhusu usomaji. Anayeitegemea orodha ya maelezo na kuuacha ubeti hurudia kosa la Nan Kuai, la kuikamata heri bila ya kujipima. Katika mpangilio uliopokewa, Zhouyi huishia kwa heksagramu ya Weiji, yaani kabla ya kuvuka. Nakala ya hariri iliyofukuliwa Mawangdui mwaka 1973, kutoka kaburi la mwaka 168 K.K., ina mpangilio tofauti kabisa. Kukiacha kitabu mtoni, bila ya kuvuka, kulikuwa chaguo la wafasiri. Nao waliacha upande wa pili wa mto kwa msomaji.