Mtoto Mchanga Asiyepata Choo

Mtoto mchanga mwenye afya hupata choo cha kwanza, cheusi na chenye kunata, ndani ya saa 48. Asipokipata, tumbo likavimba na akatapika nyongo ya kijani, huenda ana ugonjwa wa Hirschsprung, ulioelezwa na daktari wa Denmark mwaka 1886. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000: mwisho wa utumbo huumbika bila seli za neva, hivyo hausukumi kinyesi.

Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha ukuta wa puru na kukitia rangi maabara. Hematoksilini, itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, huvipa viini vya seli rangi ya buluu. Eosini hutia waridi sehemu nyingine. Seli za neva zisipoonekana kwa hadubini, bado kipande kidogo mno huweza kudanganya. Hapo husaidia rangi ya kalretinini, ambayo huacha alama za kahawia penye neva timamu tu.

Nyumbani tumbo hili huitwa mchango, na siku hupotea kwa dawa za mizizi. Wengine huanza kwa kumtafuta padre. Ubatizo wa dharura haumngojei padre: kwenye hatari ya kufa yeyote aweza kubatiza, akiwa na nia ya Kanisa. Kutoka Newala au Masasi, safari ya hospitali ianze siku hiyohiyo, rufaa ipatikane mapema. Mara nyingi mtoto hutobolewa kwanza tundu la choo tumboni. Si aibu, na kwa kawaida hufungwa baadaye.