Tabora, Mirambo na hesabu za Bose

Wadau, leo tuchanganye mambo mawili ambayo shuleni hayakai dawati moja: historia ya Tabora na fizikia ya kwanta.

Mwaka 2001 Ginestra Bianconi na Albert-László Barabási walichapisha utafiti kuhusu mitandao inayokua. Waliazima hesabu za Satyendra Nath Bose na Albert Einstein za mwaka 1924 na 1925. Hesabu hizo zinasema chembe za aina fulani, zikipozwa mno, hurundikana kwenye ngazi ya chini kabisa ya nishati. Basi kila kituo cha mtandao wakakifanya ngazi, na kila ncha ya kiungo wakaifanya chembe. Kituo chenye mvuto mkubwa ndiyo ngazi ya chini.

Jibu likawa nini? Aliyetangulia si lazima ashinde. Mgeni mwenye mvuto anaweza kumpita, na wakati mwingine kituo kimoja hujizolea fungu kubwa la viungo vyote.

Sasa twende Unyanyembe. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walikuta njia ya kutoka Bagamoyo ikigawanyika: moja Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine Katanga. Tabora haina ziwa wala bandari. Mvuto wake ulitoka wapi?

Kwangu mimi jibu ni Wanyamwezi. Walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla Waarabu na Waswahili hawajajenga matembe yao pale. Mabega yao ndiyo yaliyokuwa barabara.

Na hapa ndipo naachana na wanafizikia. Katika hesabu yao kituo huzaliwa na mvuto wake na hubaki nao. Mirambo, Mnyamwezi wa Urambo, alionyesha vingine. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na kufunga njia ya Ujiji, hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikabidi azungukie kusini. Mwaka 1912 reli ya Wajerumani ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mji ukabaki njia panda, lakini mabega hayakuhitajika tena.

Hesabu ya viungo haitofautishi mpagazi wa ujira na mtumwa aliyefungwa mnyororo. Wote ni mstari mmoja kwenye mchoro. Kuwatofautisha ni kazi yetu sisi tunaoandika historia.