Boriti za Rufiji, Dari za Kuwait

Kaskazi ilipoanza kuvuma, watu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliyatazamia majahazi ya Ghuba. Yalikuja na tende za Basra, yakakaa bandarini mpaka upepo ugeuke, kisha kusi ikayarudisha kwao yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu. Mengi yalikuwa ya Kuwait. Mwishoni mwa mwaka 1938 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, alipanda mojawapo kule Aden, jahazi la nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi, akateremka nalo hadi delta ya Rufiji. Huko, katika matope na joto, boriti zilipakiwa mpaka jahazi likajaa. Zilikuwa zinakwenda kuezeka nyumba za mji usio na miti.

Anayetaka kuuelewa mji wa Kuwait na aanze na dari za boriti hizo. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, Kuwait kama Lamu. Juu ya boriti zilitandikwa fito za mianzi, kisha mikeka ya matete, kisha udongo mzito wa kukinga jua. Kuta zilikuwa nene, madirisha ya nje machache, na maisha ya nyumbani yaliuelekea ua wa ndani. Jua la huko si la kufanyiwa mzaha. Tarehe 21 Julai 2016, mahali paitwapo Mitribah, joto lilifika nyuzi 53.9 za Selsiasi, miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kuthibitishwa duniani. Wakati wa kiangazi upepo wa shamali huinua vumbi hadi mchana ukafifia. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 110; Unguja hupata zaidi ya mara kumi ya hiyo. Mto hakuna hata mmoja.

Katika ardhi kama hiyo, mtu hawezi kuishi peke yake. Hilo walilijua Bani Utub, koo zilizotoka Najd, katikati ya Arabuni, zikatua pwani hiyo katika karne ya 18, penye ngome ndogo iliyoupa mji jina lake. Ukoo wa Al Sabah ulikabidhiwa uongozi, na wafanyabiashara wakabeba gharama kutokana na mapato ya bahari. Bahari hiyo ilikuwa ghali kwa walioifanyia kazi. Katika miezi ya joto wapiga mbizi walishuka kutafuta lulu, pua zimebanwa kwa kibanio, jiwe mguuni, kamba mkononi mwa mwenzao aliyebaki juu kuwavuta. Walianza msimu kwa kukopa kwa nahodha, na wengi waliumaliza wakiwa bado wanadaiwa. Deni la baba liliweza kumfuata mwana. Anayeusifu ujasiri wao aitaje na dhuluma hiyo.

Hata maji ya kunywa yaliletwa kwa bahari. Visima vilipokuwa havitoshi, majahazi yalikwenda Shatt al-Arab, yakajaza matangi, yakarudi, na wachuuzi wakayapitisha mitaani mlango kwa mlango. Mvua chache zilizonyesha zilikingwa kutoka juu ya paa.

Dini ndiyo iliyoupa uhaba huo utaratibu. Wengi wa Wakuwait ni Wasunni wa madhehebu ya Maliki. Wapo pia Washia, ambao wazee wao wengi walitoka Uajemi, Bahrain na Al-Ahsa. Misikiti na elimu vilisimama kwa wakfu na michango. Shule ya Mubarakiya ilifunguliwa mwaka 1911 kwa fedha za wafanyabiashara. Mwaka 1920, mji ulipotishwa na wapiganaji wa kidini wa Ikhwan kutoka Najd, watu waliujenga ukuta wa udongo kuuzunguka, na kazi ilianza karibu na Ramadhani, katika joto la Mei. Oktoba mwaka huo vita vilipiganwa Jahra, Waislamu kwa Waislamu. Nadhani mji ulijifunza hapo kwamba imani inayokusanya watu inaweza pia kugeuzwa silaha. Somo hilo lilirudi tarehe 26 Juni 2015, bomu lilipoua watu 27 katika msikiti wa Imam Sadiq wa Washia wakiwa katika sala ya Ijumaa ya Ramadhani. Matanga yao yaliwekwa katika Msikiti Mkuu wa taifa.

Lulu za kufugwa za Japani, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929, ziliivunja biashara ya lulu. Kisha Februari 1938 mafuta yalipatikana Burgan. Vita vya dunia viliyachelewesha, na shehena ya kwanza ikaondoka 30 Juni 1946. Mwaka 1953 mtambo wa kusafisha maji ya bahari ulianza kazi Shuwaikh, na safari za Shatt al-Arab hazikuhitajika tena. Zege ilichukua nafasi ya boriti. Mji wa kale ulibomolewa mtaa kwa mtaa, na mwaka 1957 ukuta wa 1920 ukaangushwa, yakabaki malango.

Hata hivyo hofu ya uhaba haikubomolewa. Kuwait ilianza kuweka akiba ya fedha za mafuta mwaka 1953, na mwaka 1976 ikaanzisha mfuko wa vizazi vijavyo. Akiba hiyo iliiokoa baada ya uvamizi wa Iraq wa 2 Agosti 1990, wakati visima vya mafuta zaidi ya 600 vilipochomwa moto na cha mwisho kuzimwa Novemba 1991. Mwaka wa uhuru, 1961, iliunda pia mfuko wa kukopesha nchi nyingine. Kwa mkopo wake ilijengwa barabara ya Nyahua hadi Chaya, bara ya Tanzania.

Leo takriban theluthi mbili ya wakazi wa Kuwait ni wageni, wakiwemo wafanyakazi wa nyumbani kutoka Afrika Mashariki. Mji uliojengwa kwa mikono ya wengi unapaswa kuwatendea haki wanaoubeba sasa, kwa namna ambayo wapiga mbizi wake hawakutendewa.

Nyumba chache za kale zimehifadhiwa. Zinapokarabatiwa, boriti zinafutwa vumbi na kurudishwa mahali pake. Waliozikata Rufiji na Lamu hawana majina katika historia ya Kuwait, wala makumbusho yetu hayajawapa nafasi wanayostahili. Wazee waliokuwa watoto majahazi yalipotia nanga mara ya mwisho wanazidi kutuacha. Tuwaulize wangali nasi: nani alikata, nani alipakia, na alilipwa nini.