Udhibiti wa mmiliki juu ya programu za simu janja

Udhibiti wa mmiliki juu ya programu za simu janja ni uwezo wa mwenye simu kuamua programu zipi zisakinishwe, zifutwe au zibadilishwe katika kifaa chake, ukiwamo mfumo endeshi. Suala hili lilipata uzito baada ya kutolewa kwa iPhone mwaka 2007 na simu za Android mwaka 2008.

Watengenezaji wengi hufunga sehemu za mfumo kwa sababu za usalama au biashara. Android huruhusu kusakinisha programu kutoka nje ya duka la Google, ilhali Apple kwa muda mrefu iliruhusu duka lake pekee. Kuondoa vizuizi hivyo humpa mmiliki uhuru na huweza kurefusha maisha ya simu iliyoachwa bila masasisho, lakini huweza kufuta dhamana na kudhoofisha ulinzi wa taarifa, zikiwamo za huduma za pesa.

Nchini Marekani, kufungua vizuizi vya programu kwenye simu kuliruhusiwa mwaka 2010. Umoja wa Ulaya uliilazimu Apple kukubali maduka mengine kuanzia Machi 2024.

Nchini Tanzania, mafundi simu hubadilisha programu kwa kazi iitwayo kuflashi. Hata hivyo, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadilisha namba tambulishi ya simu, IMEI. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia kwa kutumia namba hizo.