Chumba cha wati 10

Wati 10 hazitoshi kuwasha hata ile taa ya zamani ya sebuleni iliyokuwa ikila wati 60. Lakini ndizo walizokuwa nazo wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walipoanzisha redio yao mwaka 1972. John Kean, Cliff Noonan, Victoria Fiedler na Brent Wilcox walitaka mahali pa kujifunzia utangazaji kwa kuufanya. Wakapata nafasi katika jengo la masomo ya mawasiliano, ambalo chuoni lilijulikana kwa herufi tatu: CMU. Redio ikaitwa KCMU. Hiyo K hutangulia majina ya redio nyingi za magharibi mwa Marekani. Zilizobaki ni jina la jengo tu.

Nalipenda jina hilo kwa sababu limetokana na mahali watu walipokaa. Leo redio hiyo inaitwa KEXP, na studio yake inajulikana na wapenzi wa muziki duniani kote. Mimi niliiona kwanza kwenye skrini ya simu, kama wengi wetu huku: bendi imesimama juu ya mazulia, nyuma yake taa ndogondogo zimening'inia kama nyota, kila mpigaji kavaa hedfoni. Hakuna mashabiki wanaopiga kelele wala moshi wa jukwaani. Nikajiuliza chumba kile kimetoka wapi.

Miaka ya mwanzo hakikuwa na umaarufu wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chuo kilibana matumizi, na redio ikalazimika kuwageukia wasikilizaji wake wenyewe. Watangazaji wa kujitolea walifanya harambee hewani, wakiomba michango kwa watu waliowajua kwa sauti tu. Mtambo wa kurushia matangazo ukawekwa juu ya bweni la McMahon, nguvu ikapanda hadi wati 182. Baadaye ukahamishiwa kilima cha Capitol Hill, ikafika wati 404. Bado ilikuwa redio ndogo, lakini sasa mji ulianza kuisikia.

Na waliokuwa wakishika zamu mle ndani hawakuwa watu wa kawaida, ingawa wakati huo hakuna aliyejua. Kim Thayil, mwanafunzi wa falsafa, alikuwa akicheza santuri redioni huku akipiga gitaa katika bendi ya Soundgarden. Mark Arm, ambaye baadaye angeiongoza Mudhoney, naye alipita kwenye maikrofoni ile. Bruce Pavitt alikuwa na kipindi chake cha muziki wa bendi zisizo na kampuni kubwa nyuma yake. Jonathan Poneman aliendesha Audioasis, kipindi cha bendi za hapohapo Seattle. Thayil ndiye aliyemkutanisha Pavitt na Poneman, na wawili hao wakajenga kampuni ya Sub Pop. Ule muziki wa magitaa mazito ambao ulimwengu ulikuja kuuita grunge ulipata wapigadebe wake wa kwanza katika redio ya wanafunzi.

Hata hivyo, muziki wenyewe ulirekodiwa kwingine. Bendi nyingi za kundi lile zilikwenda Reciprocal Recording, studio ndogo ya mtaa wa Ballard, kwa fundi sauti aitwaye Jack Endino. Hapo ndipo Nirvana waliporekodi albamu yao ya kwanza, Bleach, iliyotoka mwaka 1989, kwa gharama ya dola 606 na senti 17. KCMU ilikaa upande wa pili wa mnyororo: ikipokea kanda na santuri mlangoni, ikisikiliza, ikipiga.

Kuna kisa kimoja ambacho waandishi wa maisha ya Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, wamekisimulia, na kila nikikisoma hunigusa. Mwishoni mwa 1988 Nirvana walitoa santuri yao ya kwanza, Love Buzz, nakala 1,000. Cobain akaipeleka mwenyewe KCMU. Kisha akaondoka kwa gari na mpenzi wake, redio imewashwa, wakisubiri. Wimbo haukupigwa. Wakazidi kwenda, na mawimbi ya redio ile ndogo yana mwisho wake. Cobain akasimamisha gari, akaingia kwenye simu ya barabarani, akapiga studio kuomba wimbo wake mwenyewe kama msikilizaji yeyote. Wakakaa garini wakingoja. Ukapigwa. Miaka mitatu baadaye sauti hiyohiyo ilikuwa katika kila redio ya Marekani, lakini siku ile kijana alikuwa kando ya barabara akijisikia hewani kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu mmoja chumbani aliitikia simu.

Redio inayopendwa namna hiyo haikosi ugomvi. Mwaka 1992 uongozi ulianza kuleta vipindi vilivyotengenezwa nje na kuwapunguzia uhuru watangazaji wa kujitolea. Waliopinga waliondolewa, wakaunda kikundi cha kutetea redio yao, na kesi ikafika mahakama ya shirikisho. Mwaka 1994 jaji aliamua kwamba kuwazuia wafanyakazi na watangazaji kuikosoa redio hadharani kulivunja haki yao ya kikatiba ya kujieleza. Naona vema kukumbuka hilo, maana historia ya studio hii si ya vifaa peke yake.

Badiliko kubwa lilikuja 2001. Paul Allen, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates, alikuwa amejenga jumba la makumbusho ya muziki mjini humo. Kwa msaada wake redio ikahama chuoni, ikaingia jengo la Barabara ya Dexter, ikabatizwa KEXP. Tayari mwaka mmoja kabla ilikuwa imeanza kurusha matangazo kwenye intaneti kwa ubora wa CD, jambo ambalo wakati huo lilikuwa la kipekee. Nasikitika kidogo ninapofika hapa: wanafunzi walipoteza chumba chao. Mwaka 2003 wenzao wa kizazi kipya walianzisha redio nyingine chuoni hapo, Rainy Dawg, ya intaneti, wakaanza tena chini kabisa.

Lakini huko Dexter ndiko redio iliyokuwa ikingoja kanda mlangoni ilikogeuka kuwa mahali pa kuzitengeneza. Bendi zilizopita mjini zilialikwa kupiga laivu, zikarekodiwa na baadaye zikapigwa picha. Mwishoni mwa video nyingi za miaka ile utaona jina la fundi sauti Kevin Suggs. Kazi yake si nyepesi. Ngoma, gitaa na mwimbaji wako katika chumba kimoja, na sauti ya ngoma huingia katika maikrofoni ya mwimbaji itake isitake. Spika za kujisikilizia zikiwekwa chumbani, mchafuko unazidi. Ndiyo maana wanamuziki huvaa hedfoni: kila mmoja husikia bendi nzima masikioni, chumba kinabaki na sauti halisi ya vyombo. Fundi huchanganya sauti wakati wimbo unaendelea, maana unakwenda hewani papo hapo.

Waliibeba kazi hiyo hata nje. Mwaka 2010 walikuwa Reykjavik, Iceland, wakarekodi bendi changa ya Of Monsters and Men ikipiga sebuleni, na video ile ikasaidia kuwafikisha mbali.

Baadaye redio ikahamia Seattle Center, makao yaliyofunguliwa rasmi mwaka 2016. Studio mpya ina kioo, na wageni wanaweza kusimama wakatazama bendi ikirekodi. Tinariwen wa jangwa la Sahara wamepiga kwa KEXP, Bombino na Mdou Moctar wa Niger pia, na Songhoy Blues wa Mali.

Nikiwatazama hao nakumbuka studio ya Radio Tanzania ya Barabara ya Pugu. Bendi zetu za dansi ziliingia mle zikiwa kamili, zikapiga pamoja, na redio ikahifadhi kanda. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo redio ndiyo iliyorekodi, ndiyo iliyorusha, ndiyo iliyotunza. Nyimbo ambazo wazee wetu wanazijua kwa moyo zilitoka katika chumba kimoja, kwa subira ya mafundi ambao wengi wetu hatukuwahi kujua majina yao. Seattle walifika hapo kwa njia yao, miaka mingi baadaye.

Video za KEXP huwa sizikatishi kabla hazijaisha. Noti ya mwisho ikipigwa, wanamuziki hubaki kimya, mikono imetulia juu ya nyuzi, kwa sababu maikrofoni bado ziko wazi na sahani ya ngoma bado inavuma. Wanangoja ife yenyewe. Kisha mmoja anatabasamu, anashusha hedfoni shingoni, na mtangazaji anaanza kuzungumza.