Osa Johnson: Kutoka Jukwaani hadi Filamu Bubu ya "Simba"

Makala haya yanajadili kwamba filamu bubu zilizopigwa Kenya katika miaka ya 1920 haziwezi kueleweka barabara pasipo kurejelea jukwaa la vodevili, yaani yale maonyesho ya Marekani yaliyochanganya nyimbo, ngoma na vichekesho. Kielelezo chetu ni Osa Johnson.

Osa alizaliwa Chanute, Kansas, mwaka 1894. Mwaka 1910 aliolewa na Martin Johnson, aliyekuwa amesafiri baharini pamoja na mwandishi Jack London, akawa akiimba na kucheza ngoma za Hawaii katika maonyesho ya mumewe. Jukwaani alizoea kuikabili hadhira ana kwa ana na kuutumia mwili pale maneno yasipotosha. Ujuzi huo ndio alioingia nao katika filamu.

Walifika Kenya mwaka 1921, na filamu yao ya kwanza ya huku ikatoka mwaka 1923. Kisha, kati ya 1924 na 1927, waliweka kambi katika ziwa waliloliita Paradise, mlimani Marsabit. Atokaye Kanyakine leo huifuata njia ya Meru na Isiolo kwenda huko. George Eastman wa kampuni ya Kodak, mmoja wa wafadhili wao, aliwinda pamoja nao mwaka 1926. Zao kuu la miaka hiyo ni "Simba" ya mwaka 1928.

Humo Osa si mhusika wa kubuni. Anajiigiza mwenyewe: mwanamke mwenye bunduki, akimlinda mumewe anayezungusha mpini wa kamera. Wahakiki wengi humwona kama mwindaji. Kwa maoni yetu ni mwigizaji kwanza. Mnyama anapokaribia, tunaitazama hatari kupitia kwake, kama hadhira ya ukumbini inavyomtazama mchezaji.

Lakini ukimya wa filamu hiyo haukuwapata wote kwa kiasi kimoja. Osa, aliyekuwa mwimbaji, alipoteza sauti, ila vibao vya maandishi ya Kiingereza vilisimama upande wake. Wapagazi, wapishi na Boculy, mfuatiliaji nyayo za tembo, hawakuwa na kibao chao. Midomo inacheza, na Kiswahili kilichowaunganisha kambini hakisikiki. Limebaki neno moja, nalo ni jina la filamu. (Atakayejitia kuisoma midomo hiyo atakuwa ameifanyia isimu kazi ya maana.)

Sauti ilikuja na "Congorilla" ya mwaka 1932, iliyopigwa sehemu kubwa katika msitu wa Ituri. Hapo Osa anairudia kazi yake ya kwanza: anacheza dansi na Wambuti kwa muziki wa jazi. Martin alifariki mwaka 1937 kutokana na ajali ya ndege. Mwaka 1940 Osa alichapisha "I Married Adventure", kitabu kilichouzwa mno Marekani, na akafariki mwaka 1953. Boculy tunaendelea kumsoma katika Kiingereza cha waajiri wake.