Kuiona Mapema Hakukutosha

Kuanzia mwaka 1971, madaktari wa Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota, Marekani, waliwaita wavutaji sigara wapimwe makohozi na kupigwa eksirei ya kifua kila baada ya miezi minne. Kwa kila aliyepimwa hivyo, zoezi hilo lilidumu miaka sita. Wanaume 9,211 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wa kundi la pili walipewa tu ushauri wa kupima mara moja kwa mwaka.

Waliofuatiliwa kwa karibu waligunduliwa saratani 206 za mapafu, wenzao, 160. Ilipofika zamu ya kuhesabu vifo vilivyotokana na ugonjwa huo, vilikuwa 122 kwa wa kwanza na 115 kwa wa pili. Juhudi zote zile hazikupunguza vifo.

Fumbo hili lina maelezo. Chukua mtu ambaye saratani itamuua akiwa na miaka 70. Akigunduliwa akiwa na 68, itaandikwa kwamba aliishi na ugonjwa miaka miwili. Akigunduliwa akiwa na 65, itaandikwa mitano. Siku ya mazishi haikusogea hata kidogo. Ndiyo maana kugundua wagonjwa mapema, hata wawe wengi namna gani, si ushahidi wa maisha yaliyookolewa.

Matumaini yalirudi mwaka 1999, Claudia Henschke na wenzake wa New York walipotangaza matokeo ya watu 1,000: kipimo cha picha cha CT scan chenye mionzi kidogo kilibaini saratani 27, eksirei 7 tu. Hata hivyo, utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, na somo la Minnesota lilikuwa halijasahaulika.

Basi mwaka 2002 Marekani ikaanza utafiti mpana wa watu 53,454, nusu wakipimwa kwa CT scan, nusu kwa eksirei. Mwaka 2011 jibu likachapishwa: vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kwa waliopimwa kwa CT scan. Gharama yake nayo haikuwa ndogo, kwani zaidi ya asilimia 96 ya vipimo vilivyotia shaka havikuwa saratani. Mwaka 2020 utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji ukathibitisha faida hiyo: kwa wanaume, vifo vilipungua kwa asilimia 24 katika miaka 10.

Sifa huwaendea madaktari na mashine. Mimi naona wanaostahili shukrani kubwa zaidi ni wale maelfu waliokubali kura iwapeleke kundi lisilopata kipimo kipya. Bila wao, hakuna ambaye angejua kama kipimo hicho kinaokoa maisha.